Heshima kwa ya Kale si Kuutunza Ufa

Msomaji, wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, ukiziweka katika chumba kimoja, hazikosi kugombana. Ya kwanza yasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya kwanza yatuonya tusikitupe kitu chetu cha zamani kwa tamaa ya kipya. Ya pili yatuonya tusikistahi kitu cha zamani hata kikatuangukia. Mtu mvivu huchagua moja, ile impunguziayo kazi, akaifanya sheria ya maisha yake. Mimi nashikilia kwamba zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Liko jambo linalotukaribia, ambalo siku yake, saa yake na hata sekunde yake zinajulikana, na katika jambo hilo ashikaye methali moja na kuitupa ya pili atawaumiza watu wa Lodwar na Kakuma kabla hajawaumiza watu wa miji mikubwa. Jambo lenyewe ni hesabu ya wakati ndani ya kompyuta.

Kila kompyuta na kila simu ya kisasa ina programu kuu isimamiayo kazi zote, iitwayo mfumo endeshi. Mfumo huo huwa na maktaba. Maktaba hii haina vitabu. Ni mkusanyo wa kazi ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huziazima badala ya kujiandikia upya: kazi ya kusoma faili, kazi ya kuandika kwenye kioo, kazi ya kuuliza saa. Programu elfu zaweza kuazima kazi moja ile ile. Kwa hiyo mwenye maktaba akibadili neno moja, amewabadilishia elfu.

Ili upate kuona ugumu wake, fikiri juu ya rejista ya shule. Tuseme kila mwanafunzi ana mstari mmoja, na mstari umegawanywa kwa vyumba vidogo: vyumba vinne vya mwaka wa kuzaliwa, kisha vyumba sita vya karo, kisha vyumba vya alama. Karani asomaye rejista hatazami vichwa vya safu. Amezoea kuhesabu vyumba kutoka kushoto. Siku moja mwalimu mkuu aona vyumba vinne havitoshi, avifanya vinane. Nia yake ni njema. Lakini karani, ambaye hakuambiwa, aendelea kuhesabu kama jana. Asoma tarehe akidhani ni karo, asoma karo akidhani ni alama. Rejista haina kosa, karani hana kosa, na kila mtoto ameandikiwa uongo.

Hivyo ndivyo ilivyo programu ya zamani ikutanapo na maktaba iliyobadilishwa. Ndiyo maana waundaji wa mifumo endeshi huweka ahadi kwamba programu iliyofanya kazi jana itafanya kazi na leo. Ahadi hii twaweza kuiita utangamano na ya kale. Linus Torvalds, aliyeanzisha kiini cha Linux mwaka 1991, ameishika kwa ukali: badiliko la kiini likivunja programu ya mtumiaji, kosa ni la badiliko, wala si la mtumiaji. Ni ahadi ya heshima. Lakini kila ahadi yaweza kugeuzwa kisingizio.

Sasa tuutazame ufa. Waliounda mfumo wa Unix huko Marekani katika miaka ya 1970 walikata shauri kwamba wakati uhesabiwe kwa sekunde, kuanzia usiku wa manane wa kuamkia Januari 1, 1970, kwa saa za Greenwich. Hesabu hiyo iliwekwa katika biti 32, yaani vyumba 32 ambavyo kila kimoja chaingia 0 au 1. Chumba kimoja huonyesha kama hesabu ni chanya au hasi, vikabaki 31. Namba kubwa kuliko zote iwezayo kuingia humo ni 2,147,483,647. Chukua kalamu. Mwaka mmoja una sekunde zipatazo 31,557,600. Gawanya, nawe utapata miaka 68 na siku chache. Ijumlishe na 1970.

Chombo kitajaa siku ya Jumanne, Januari 19, 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi, wakati ambapo Lodwar kunapambazuka. Sekunde ifuatayo hesabu itapinduka iwe hasi, na mashine yenye chombo hicho itaamini kwamba ni Desemba 13, 1901, karibu na saa sita za usiku. Huo ndio mwezi ambao reli iliyotoka Mombasa ilifika kando ya Ziwa Victoria, mahali tupaitapo Kisumu. Mashine za biti 64 zina chombo kikubwa mno, kiwezacho kuhesabu miaka ipatayo bilioni 292, wala hatuna haja ya kuzihofia. Hatari imo katika vifaa vya biti 32, katika programu za zamani, na katika kumbukumbu zilizopangwa kwa kipimo cha zamani.

Juu ya ufa huu wamezuka watu wa namna mbili, nami nawapinga wote wawili.

Wa kwanza husema: mashine yafanya kazi, usiiguse. Maneno haya nimeyasikia katika vyumba vya walimu, na naungama kwamba niliwahi kuyasema mimi mwenyewe. Katika shule moja niliyofundisha kati ya Lodwar na Kakuma, tulikuwa na kompyuta kuukuu tulizopewa kwa hisani, na moja kati yake ilitunza kazi za wanafunzi wote. Betri ndogo iliyomo ndani, ilindayo saa umeme ukatikapo, ilikuwa imekufa. Tulijua, tukasema iacheni. Usiku mmoja umeme ulikatika, na asubuhi mashine iliamka ikiamini kwamba ni Januari 2009. Wanafunzi waliandika insha zao mchana kutwa, na kila insha ikatiwa tarehe ya mwaka 2009. Jioni ikaanza kazi programu ya kunakili, ambayo imefundishwa kushika kilicho kipya na kufuta kilichopitwa. Ilizikuta insha za siku ile, ikaziona kuwa za zamani kuliko nakala za wiki iliyotangulia, ikazifuta. Programu ile haikukosea. Ilidanganywa na saa. Kijana mmoja, aliyekuwa ameandika kurasa tano juu ya safari ya jamaa zake kutoka Sudan Kusini, aliniuliza kama ilimpasa kuandika tena. Aliandika kurasa mbili.

Ikiwa betri moja ya bei ndogo yaweza kutenda hayo, seuze ufa uliomo katika vifaa vya dunia nzima? Wakaao Kakuma waujua mto Tarach. Kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, na watoto hucheza ndani yake. Kisha mvua hunyesha mbali, vilimani, ambako mtu wa Kakuma haoni wingu, na maji huja kwa ghafula yakazoa vibanda na mifugo. Asimamaye juu ya mchanga mkavu akasema hakuna hatari kwa sababu miguu yake haijalowa, huyo ndiye mwenye kusema mashine yafanya kazi, usiiguse.

Tena watu hawa hupenda kutukumbusha mwaka 2000. Husema: mlitutisha kwamba kompyuta zinazoandika mwaka kwa tarakimu mbili zitaharibika, na usiku ule ukapita salama. Ni kweli ulipita salama, madhara yakawa machache. Lakini ulipita salama kwa sababu mafundi walikuwa wameifanya kazi ya kurekebisha kwa miaka kadhaa, kwa gharama kubwa. Anayekana faida ya kazi ile ni kama mtu aliyechanjwa, asiugue, kisha akaiita chanjo upuuzi.

Wala ufa huu haungoji siku yake. Mashine ikiulizwa leo habari ya tarehe ya mwaka 2040, kwa ajili ya mkopo au mkataba mrefu, yaweza kukosea leo. Mtoto aliyezaliwa Januari 2020 atatimiza miaka 18 Januari 2038, umri wa kuomba kitambulisho cha taifa. Na wako Turkana watu wengi, raia na wakimbizi, ambao ushahidi wao wa kuzaliwa ni mstari mmoja tu katika kumbukumbu za ofisi. Mtu wa mjini, tarehe yake ikipotea, ana cheti, ana picha, ana hati ya hospitali. Aliyekimbia vita akiwa mgongoni mwa mama yake hana ila mstari ule. Kwa huyu, saa sahihi ya mashine ni sehemu ya jina lake.

Watu wa namna ya pili husema kinyume: vunjeni, tupeni, anzeni upya, na mwenye kifaa cha zamani anunue kipya. Hawa huonekana werevu kuliko wa kwanza, kwa kuwa husema lugha ya maendeleo. Mimi nawaona wakatili zaidi.

Husema hakuna atakayekuwa na kifaa cha biti 32 mwaka 2038. Wasemao hivyo hawajasafiri. Kompyuta iliyochoka Nairobi huitwa zawadi Lodwar. Iliyochoka Lodwar huitwa zawadi kilomita 120 mbele, Kakuma. Simu hushuka vivyo hivyo, kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, kutoka kwa mdogo kwenda kwa bibi mchungaji wa mbuzi. Na ziko simu za Android za bei nafuu zitumiazo mfumo wa biti 32. Maktaba ya msingi ya Android, iitwayo Bionic, huhesabu wakati kwa biti 32 katika vifaa vya namna hiyo. Waundaji wake wamekiandika kikomo hicho miongoni mwa kasoro zijulikanazo, na dawa waliyoitoa ni kuhamia biti 64. Hiyo ni dawa njema kwa awezaye kununua simu nyingine. Asiyeweza ameambiwa ugonjwa wake, akaonyeshwa mlango.

Ni utangamano na ya kale ulioleta mambo mema tunayojivunia. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 haikumtaka mtu awe na simu ya kifahari. Ilikaa katika kadi ndogo ya simu, ikafanya kazi katika simu ya vitufe ambayo watu walikuwa nayo. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza huko Kakuma mpango wa Bamba Chakula, wa kuwapa wakimbizi sehemu ya posho kwa njia ya simu, nao ulitegemea simu ya kawaida. Mama hakuambiwa anunue kioo kipana ndipo ale. Aliyeubuni mpango aliuliza kwanza: watu wana nini mkononi? Hilo ndilo swali wasilouliza wavunjaji.

Tazama pia reli yetu. Njia ya zamani ina upana wa mita moja; njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ina upana wa milimita 1,435. Sina neno na upana mpya, maana una faida zake. Lakini gari la moshi la njia moja haliwezi kupita katika njia ya pili, na pale njia zikutanapo shehena hushushwa upande huu ikapakiwa upande ule, tena kwa gharama. Kila ukatapo uhusiano wa kipya na cha kale, yupo mtu atakayeubeba mzigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Lipasalo kuulizwa ni nani huyo, na kama alishauriwa.

Utaniuliza: ikiwa tusikae na ufa wala tusiibomoe nyumba, basi tufanye nini? Tuangalie waliokwisha kujaribu. OpenBSD, mfumo mmoja wa jamaa ya Unix, ulikata kamba kwa pigo moja. Katika toleo la 5.5 la Mei 2014, wakati ulifanywa biti 64 kila mahali, na programu zikaundwa upya. Siwalaumu, kwa sababu nyumba yao ni ndogo na karibu kila chombo kilichomo wanayo maandishi yake asilia. Lakini dunia haiwezi kuishi hivyo. Ziko programu ambazo mwandishi wake amekufa au kampuni yake imefungwa, na maandishi yake asilia yamepotea. Hizo haziundwi upya.

Linux ilikwenda mwendo mwingine. Kiini chake kilikuwa tayari kwa wakati wa biti 64 katika mashine za biti 32 mwaka 2020, toleo la 5.6, kwa kuongeza milango mipya bila kuiziba ile ya zamani. Mwaka uliofuata, maktaba ya glibc ikatoa uwezo huo katika toleo la 2.34. Lakini hapa nina lawama. Katika mashine za biti 32 za zamani, uwezo huo haukufanywa kuwa kawaida. Mwenye kuunda programu sharti auombe. Mlango umejengwa, lakini haufunguki mpaka mtu abishe, na abishaye ni yule ajuaye kwamba mlango upo. Fundi wa mji mkubwa atabisha. Kijana anayejifunza mwenyewe Lodwar kwa kompyuta ya kuazima ataunda programu yake, ataiona yafanya kazi, na ataupanda ufa ndani yake pasipo kujua. Tiba isiyomfikia mgonjwa mpaka mgonjwa awe daktari ni tiba nusu.

Waliolifanya jambo hili kwa akili zaidi, kwa maoni yangu, ni watu wa Debian. Katika toleo lao la 13, lililotoka Agosti 2025, waliufanya wakati wa biti 64 kuwa kawaida hata katika vifaa vyao vya biti 32, na kwa ajili hiyo waliziunda upya programu kwa maelfu. Waliacha aina moja tu, ile iitwayo i386, kwa sababu kazi yake iliyobaki ni kuendesha programu za zamani ambazo haziwezi kuundwa upya. Na hata hiyo hawakuitolea tena kiini wala njia ya kuisimika peke yake katika mashine. Ni kama mtu aliyejenga nyumba mpya, akakiacha chumba kimoja cha zamani kwa ajili ya mzee asiyeweza kuhama, na mlangoni akaandika: chumba hiki hakitarekebishwa. Mzee hakufukuzwa, na mgeni hakudanganywa.

Kutokana na hayo natoa masharti matatu, nami natetea kila moja. La kwanza: marekebisho yawe ndiyo kawaida, na anayetaka kubaki na ya zamani ndiye aombe, si kinyume chake. La pili: pawe na daraja, na daraja liwe na tarehe ya mwisho iliyotangazwa mapema. Mfano upo. Mwaka 2021, hati ya zamani iliyozifanya simu za Android za kabla ya toleo la 7.1 ziziamini tovuti nyingi za intaneti ilifika mwisho wake. Shirika la Let's Encrypt, litoalo hati za namna hiyo bila malipo, lingeweza kuziacha simu hizo zife. Badala yake lilipatana na wenye hati ile ya zamani, likaziongezea simu hizo muda wa kufanya kazi hadi mwaka 2024. Daraja lisilo na mwisho huwa ufa mpya; mwisho usio na daraja huwa shimo.

La tatu, na ndilo kubwa: gharama ya mageuzi iwe juu ya mwenye kugeuza na mwenye kugawa, isiwe juu ya apokeaye. Shirika litoalo kompyuta kwa shule ya Kakuma lisilete zawadi ambayo muda wake wa kuharibika umekwisha kuandikwa ndani yake, likaondoka likipigiwa makofi. Ofisi inunuayo programu ya kutunza majina ya watu iulize kabla ya kutia sahihi: je, yahesabu kupita Januari 2038? Na maandishi yake asilia yatakuwa mikononi mwa nani siku muuzaji akifunga duka? Muuzaji asiyeweza kujibu asilipwe.

Wapo watakaosema masharti haya ni ghali. Ndiyo, ni ghali. Ukuta ni ghali zaidi kuliko ufa, na watu wa Turkana wamelipia kuta nyingi ambazo nyufa zake zilionwa na wengine, tena mapema.

Nawe msomaji, usidhani kwamba nasema na wazee. Ukiwa sasa una miaka kumi na sita au kumi na saba, mwaka 2038 utakuwa ukikaribia thelathini au umeifikia. Ni wewe utakayekuwa muuguzi afunguaye kumbukumbu za mgonjwa, karani wa kaunti, fundi wa pampu ya maji, mwalimu mwenye kompyuta kuukuu. Basi anza leo. Jifunze kuuliza mashine ina biti ngapi. Chukua kompyuta isiyo na kazi ya mtu ndani yake, isogeze saa yake hadi Januari 20, 2038, utazame kitakachotokea, uandike ulichoona. Ukijifunza kuandika programu, andika kwa chombo kipana tangu siku ya kwanza. Na usikubali kuambiwa na yeyote kwamba huna budi kuchagua kati ya bibi yako mwenye simu ya zamani na saa iliyo sahihi. Yeye akisema hivyo, mwambie kwamba mbacha uliopasuka hushonwa, na mwenyewe akaendelea kuulalia.